Naomba ushauri: Matplotlib inakula kumbukumbu ya kompyuta

Wakuu, habari za kazi. Nina skripti ya Python inayosoma mamia ya faili za CSV na kuchora grafu moja kwa kila faili kwa Matplotlib (maktaba ya Python ya kuchorea grafu). Tatizo la picha kutoka nyeupe tupu limekwisha: plt.savefig() lazima itangulie plt.show(). Tarehe nazo zilibanana kwenye mhimili wa chini hadi hazisomeki, kwa kuwa zilisomwa kama maandishi, pd.to_datetime() ya maktaba ya pandas ikazigeuza kuwa tarehe halisi na kuzinyoosha.

Kinachonitoa jasho ni hiki. Grafu zikizidi 20 lilikuwa linakuja onyo kwamba zimefunguliwa nyingi mno. Nikaweka plt.close(fig) mwishoni mwa kila mzunguko, onyo likatoweka, lakini kumbukumbu bado inapanda polepole mpaka mashine inakuwa nzito. (Kuzima onyo kwa figure.max_open_warning naona ni kujidanganya tu.)

Wenye uzoefu, nitumie fig moja na kuisafisha kila mara kwa fig.clf(), au niachane na pyplot (sehemu ya Matplotlib ninayoiita plt) kabisa na kuunda Figure moja kwa moja? Na je, kuhamia Agg (injini ya Matplotlib inayochora picha bila kufungua dirisha) kutasaidia? Dirisha silihitaji tena, nataka PNG tu.