Naomba ushauri: sakafu ya kanisa la kijiji litakalotumika pia kama ukumbi

Ndugu mafundi na wazee wa kanisa, naomba ushauri. Jengo ni mita 8 kwa 18, kuta za mawe na chokaa. Mabenchi yaliyofungwa sakafuni yataondoka, viingie viti vya kupangana. Madhabahu itabaki ilipo, nyuma ya pazia.

Kinachoniumiza kichwa ni sakafu. Mabenchi yamekaa juu ya jukwaa la mbao lililoinuka sentimita 15 kuliko njia ya katikati. Ukichoma mbao kwa bisibisi karibu na ukuta, ncha inazama, dalili kwamba zimeoza. Tumeshauriwa kung'oa zote, kutandika nailoni na kumwaga zege la saruji. Nahofia unyevu ukizibwa chini utakimbilia kutani, plasta ibanduke. Je, badala ya saruji, zege la chokaa juu ya kokoto linahimili meza na viti vinavyoburutwa kila siku? Likauke muda gani kabla ya kukanyagwa?

Mlangoni pia kuna kimo cha sentimita 30. Kwa uwiano wa 1 kwa 12 (kimo kwa urefu), mteremko wa kiti cha magurudumu unataka mita 3.6, baraza ina mita 2 tu. Tukiukunja pembeni, kituo cha kugeuzia cha mita 1.5 kinatosha?

Kuhusu mwangwi, mapazia mazito yaliyoachwa sentimita 10 kutoka ukutani yanatosha kwa mikutano?