Barabara tulivu za milima huko Fort Portal kwa baiskeli, nipite wapi?

Kijana wa Bombo:
Habari zenu wandugu. Mimi niko Bombo, nina baiskeli ya lami ya mtumba, tairi nyembamba za milimita 25, na tangu niinunue nimezoea tu kwenda Luwero na kurudi kwa ile barabara ya Gulu, ambayo basi likikupita upepo wake unakuvuta mpaka unajiuliza kama nyumbani uliaga vizuri. Nimeichoka kabisa. Sasa kuna jamaa tunafanya naye kazi alikuwa Ufaransa, akanionyesha picha za watu wanaendesha katikati ya mashamba ya zabibu, vilima hivi na hivi, gari hakuna hata moja, wanasimama wanaonja mvinyo halafu wanaendelea. Nikawaza, zabibu hatuna ila vilima tunavyo na cha kuonja hatukosi 😀. Nataka siku tatu mwisho wa Desemba, huko kwenye mashamba ya chai ya Fort Portal, magharibi mwa Uganda. Barabara gani imetulia kweli? Na hii baiskeli yangu itaweza? Gia kubwa ya nyuma ina meno 25. Ya Kasese msinitajie, hiyo nimeipita kwa taksi naijua, malori matupu.

Mama Kahunge:
Karibu kwetu mwanangu, ila mwisho wa Desemba hapana. Wiki ya Krismasi Kampala yote inahamia kijijini, hata kanjia ka shambani utakuta gari la mtu anayetaka kuonyesha wazee kwamba amefika. Ngoja katikati ya Januari, bado ni kiangazi, watu wameishiwa pesa wametulia makwao.

Barabara ya Fort Portal kwenda Kamwenge ni lami na inapita ndani ya msitu wa Kibale. Asubuhi mapema unasikia cheni yako tu na ndege. Ila pale msituni usisimame ukala ndizi, nyani wanakaa kando ya lami kama askari wa trafiki, na mfuko wa baiskeli wanaujua kufungua kuliko wewe. Tembo pia wamo. Ukikuta mavi mabichi barabarani usianze kupiga picha, songa.

Kwenye chai kuna jambo moja wageni hawalijui. Jani likishachumwa linatakiwa lifike kiwandani haraka kabla halijaharibika, kwa hiyo asubuhi wachumaji wako shambani na barabara ni yako, lakini kuanzia mchana malori yanazunguka kukusanya magunia na dereva ana haraka yake. Saa sita uwe umeshafika unakokwenda. Jumapili ndiyo nzuri zaidi, watu wako kanisani.

Fundi wa Busia:
Meno 25 kwa vilima vya huko? Banange, utalia. Weka kaseti (ile seti ya gia za nyuma) yenye meno 32, lakini kwanza angalia ile mashine inayohamisha cheni kama mkono wake ni mrefu, ukiwa mfupi haitaikamata na cheni itakuwa inaruka. Na kama fremu inaingiza tairi ya 32, weka, hizo 25 ni za Entebbe road. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni na pampu, mafundi wa vijijini wapo wengi na wanajua kazi ila wana tyubu za baiskeli kubwa za mizigo tu, yako hawana.

Halafu usione aibu kusukuma. Huku kwetu mpakani ndiko boda boda ilianzia, wazee walikuwa wanavusha abiria kwa baiskeli border to border, gia moja, na mlima ukikataa wanashuka wanasukuma. Hakuna aliyewacheka.

Kijana wa Bombo:
Asante mama, asante fundi. Kwa hiyo Januari. Je, ziwa lile la kwenye noti ya elfu ishirini linafikika? Na Bundibugyo vipi, nimeona picha, lami imejikunja kama nyoka, imenivutia sana.

Mama Kahunge:
Hilo ni Nyinambuga. Unatoka Fort Portal unashika njia ya Rwaihamba, unapita Nkuruba, huko maziwa yamekaa kwenye mashimo ya volkano, unapanda ukingo unaona maji chini, unashuka, unapanda mwingine. Mimi mara ya mwisho nimepita ilikuwa maramu, siyo lami. Siku ya soko Rwaihamba epuka, boda zimebeba mikungu ya matoke pande zote mbili na upana wao ni wa gari.

Na kuhusu kuonja 😀 ulizia tonto, pombe yetu ya ndizi. Baba yangu alikuwa akitengeneza: ndizi zimeiva kabisa, zinakanyagwa pamoja na majani ya nyasi mpaka juisi itoke, inamiminwa kwenye mtumbwi wa mti uliochongwa, anatia mtama uliokaangwa ukasagwa, anafunika kwa majani ya mgomba, kesho yake inachemka povu lenyewe bila moto. Ladha ina ukali na moshi kidogo. Lakini onja jioni ukishaegesha baiskeli, na usikubali mtu akuletee waragi, ile pombe kali, akisema ni kitu kilekile.

Mstaafu wa Kasese:
Kijana, Bundibugyo nakuambia mimi niliyeangukia huko. Fort Portal iko karibu mita 1,500, bonde la Semliki kule chini ni kama 700, na zote hizo unazishuka kwa mkupuo, kona juu ya kona. Baiskeli yangu ni ya breki za kubana rimu. Nikawa nimeshika breki muda wote kwa woga, sikuachia hata kidogo, nikasikia harufu kama ya mpira unaoungua, nikadhani ni lori. Ni mimi. Rimu ilipata moto mpaka tyubu ya mbele ikapasuka, paa! kama bunduki, nikaenda nayo hadi kwenye mtaro. Ashukuriwe Mungu ulikuwa na nyasi. Nilipogusa rimu iliniunguza kidole, alama ninayo mpaka leo.

Sasa nashuka hivi: nabana kwa nguvu kidogo, naachia kabisa, nabana tena, mbele na nyuma, na kila baada ya kona kadhaa nasimama naangalia bonde upande wa Kongo huku rimu inapoa. Chini kule ukifika Sempaya kuna chemchemi za moto, watu wanachemshia mayai humo. Kurudi juu panda taksi, baiskeli iwekwe juu. Na uifunge wewe mwenyewe kwa mpira wako, mimi konda mmoja alilaza yangu upande wa gia, nikafika mkono wa gia umepinda na yeye ananidai pesa ya mzigo.

Chelimo K:
Kwa nini wote Fort Portal? Njooni Sipi, huku mashariki, barabara ya Mbale kwenda Kapchorwa ni lami, unapanda katikati ya kahawa na migomba, kule juu kuna baridi unavaa sweta mchana. Kutulia tu ndiyo sikuahidi, matuta na boda zipo.

Kijana wa Bombo:
Chelimo, Sipi nitakuja nikipata mapafu mengine. Basi siku ya kwanza Kamwenge road mpaka Bigodi, ya pili maziwa na Nyinambuga, ya tatu nashuka Semliki na kurudi na taksi. Mzee, breki zangu pia ni za rimu. Pedi ni zile zilizokuja nayo, sijawahi hata kuzitazama.

Fundi wa Busia:
Zitazame leo. Ile mifereji kwenye pedi ikiwa imefutika, tupa. Na ukipitisha kidole kwenye rimu ukasikia imeingia ndani kama bakuli, hiyo rimu nayo imekwisha, usishuke nayo Bundibugyo.

Kijana wa Bombo:
Nimetoka kupitisha kidole. Ni bakuli 😩