Kuficha jina la waifai kunasaidia?

Wakuu habari, majirani wananinyonyea bando, nikificha jina la waifai kwenye ruta si hawataiona tena?

— Hiyo danganya toto mkuu. Ruta bado inarusha mawimbi, na simu yako ikijiunga inalitaja jina hewani, mwenye programu ya kunasa analiona fasta tu, tena simu nyingi hata ukiwa sokoni huko zinaendelea kuliita jina hilohilo.

— Badili paswedi iwe ndefu, chagua WPA2 au WPA3 (aina za ulinzi wa waifai kwenye ruta), alafu zima WPS (njia ya kujiunga kwa pini bila paswedi) maana pini yake tarakimu 8 tu inavunjika, na ile admin admin (jina na paswedi ya kiwandani) ya kuingilia ruta ibadili leo leo.

— Na watoto wasiijue paswedi, watagawa mtaa mzima 😂

— Kwahiyo jina niliache?

— Liache tu.