Mjadala: Penye matanga, mhubiri aanze na hukumu au na tumaini?

Katekista, Himbi: Tangu volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, hoja hii haiishi hapa Goma. Wengine wanataka mahubiri ya msiba yatishe, wengine yafariji. Mnaoyajua Maandiko, semeni.

Mhubiri, Birere: Yatishe. Waebrania 9:27 haina kona: kufa mara moja, kisha hukumu. Marehemu hahubiriwi. Anayehubiriwa ni yule aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, na jioni yuko baa.

Mwalimu wa Biblia, Katindo: Papa Pasta, kwa heshima, umekata sentensi katikati. Aya ya 27 inaishia kwenye nukta-mkato; inayoimaliza ni ya 28, Kristo atatokea mara ya pili kwa wokovu wa wanaomngoja. Luka 13 nayo hukatwa hivyohivyo. Watu wanachukua "msipotubu" wanakimbia nayo. Hawasemi kwamba Yesu alikataa kuwahesabu wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu kuwa wabaya kuliko wengine wa Yerusalemu. Wala hawafiki aya ya 6 hadi 9: mtini miaka 3 hauzai, mwenye shamba anataka ukatwe, mtunzaji anaomba mwaka 1 zaidi auchimbulie na kuutia samadi. Toba inahubiriwa ndani ya mwaka huo wa nyongeza. Na anayesema volkano ni fimbo kwa wenye baa atueleze mlipuko wa 2002: lava ilitoka kwenye nyufa za ubavu wa kusini, ikafuata mteremko hadi ziwani, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likaenda nayo.

Mama Shemasi, Majengo: Mtini naukubali. Lakini hukumu msiifute, jamani. Mama aliyeuliwa mtoto ukimwambia Mungu anapenda wote, basi, umemdharau. Katika Ufunuo 6:10 waliouawa wanauliza: hata lini? Na Zaburi 96 miti inashangilia kwa kuwa Mungu anakuja kuhukumu. Kwa aliyedhulumiwa, hiyo ni habari njema.

Mwalimu wa Biblia, Katindo: Hapo tuko pamoja, Mama. Katekisimu ya Heidelberg ya 1563, mafundisho ya Kiprotestanti kwa maswali na majibu, swali la 52, inauliza kuja kwa Hakimu kunakufariji vipi. Jibu: ni yuleyule aliyekwisha kuhukumiwa badala yangu. Kwa hiyo, mahubiri ya dakika 15 yatosha. Soma 1 Wathesalonike 4:13–18 yote, maana aya ya mwisho inaamuru kufarijiana. Toba itaje mara moja, kwa walio hai. Maisha ya marehemu usiyaguse. Kinachoharibu ni wito wa kuokoka mbele ya jeneza: mikono inainuliwa kwa hofu, Jumapili huwaoni. Wito ungoje siku ya kuondoa matanga.

Mhubiri, Birere: Na asiyerudi siku hiyo? Wengi wanakuja maziko tu.

Mama Shemasi, Majengo: Uliza jina na kartie yake, yaani mtaa wake, kabla hajaondoka, wiki ijayo wazee wawili wamfikie nyumbani. Kazi hiyo haina kipaza sauti, ndiyo maana wahubiri wengi wanaikwepa.