TikTok inamfaa mpika mkate wa kumimina wa Tanga, au nibaki na WhatsApp?

MamaIliki, Tanga

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Naomba ushauri wa wanaouza vitu kweli, maana nimekwama na uamuzi wenyewe ni wa hela.

Mie napikia nyumbani, Ngamiani, huu mwaka wa sita. Mkate wa kumimina, vileja, visheti, na keki za shughuli. Mkate wa kumimina ndio unaonilisha. Siku za kawaida natoa saba mpaka kumi, Ijumaa kumi na tano, Ramadhani nachukua msaidizi tunafika arobaini. Mmoja elfu nane. Wateja ni wa hapahapa: Ngamiani, Chumbageni, Makorora, wachache Raskazone. Bodaboda anawafikishia kwa elfu moja au moja na mia tano, na mkate unafika una moto bado.

Mwezi wa tatu mtoto wa dada yangu akanifungulia TikTok. Video ya nne nilikuwa namimina: rojo la mchele na tui limeumuka mpaka limejaa matundu, iliki inaonekana, na ule mlio rojo linapogusa sufuria iliyopakwa samli. Sekunde 22 basi. Ilitazamwa mara elfu arobaini na moja. Komenti zikapita mia mbili. Usiku ule nikaloweka mchele kilo nne za ziada, nikamwambia na bodaboda wangu asiende mbali.

Kesho yake nikauza mikate tisa, kwa watu walewale.

Ndipo nikakaa nikasoma komenti moja moja. Mtu wa Mwanza anauliza bei. Wa Kahama. Wa Nairobi. Dada mmoja yuko Muscat, ananiambia mlio ule umemkumbusha jiko la mama yake. Waliojitaja kuwa wa Tanga nilihesabu kumi na mmoja, wakanunua wawili. Na mchele ukishalowekwa haungoji mtu. Niliusaga, nikapika, mikate nikaipeleka madrasa.

Sasa kijana ananiambia tatizo ni simu yangu, ninunue nzuri pamoja na ile taa ya duara, jumla laki sita na nusu, halafu nitoe video mbili kila siku. Hiyo laki sita na nusu nimeiweka kwa miezi minane kwa ajili ya jiko la gesi lenye oveni. Na video moja inanila saa nzima, saa ileile ambayo mkate unataka macho yangu, maana makaa ya juu yakizidi kidogo uso unaungua na ndani bado mbichi.

Instagram ninayo, wafuasi 640. Status ya WhatsApp naweka kila siku. Swali langu: mtu ambaye bidhaa yake lazima iliwe leo, na mtu wa karibu, mtandao gani unamfaa? TikTok niiache, au nakata tamaa mapema?

Makava_Kkoo, Dar

Shikamoo mama. Usiifunge. Mimi nauza makava ya simu na chaja hapa Kariakoo, na TikTok ndiyo iliyonitoa. Uzuri wake video inapelekwa hata kwa mtu asiyekufuata wala kukujua, kwa hiyo mwenye wafuasi thelathini anaweza kuonwa na maelfu, kama ilivyokutokea. Mimi nilipofikisha wafuasi elfu moja niliweza kwenda laivu, na laivu za usiku ndizo zinazoniuzia hasa.

Ila nikuambie ukweli, kava halichachi. Nalituma Songea, likae stendi siku tatu, halina neno. Simu mpya usinunue kwanza. Taja Tanga kwa mdomo mwanzoni kabisa mwa video, na andika juu yake "Tanga mjini tu", hata anayeuliza bei kutoka Kahama ajue.

FundiSofa, Morogoro

Dada, pole na hongera kwa pamoja. Mie nimepita njia hiyo, tena kwa kupoteza zaidi yako.

Natengeneza sofa na vitanda. Mwaka juzi nilikuwa na kijana namlipa laki na nusu kwa mwezi anipostie kila mahali. Miezi mitatu. Nilikuwa naamka naangalia laiki kabla ya kuangalia mbao. Siku moja mke wangu akaniuliza, katika hawa waliolipa mwezi huu, nani katoka huko? Sikuwa na jibu. Nikachukua daftari la shule, nikachora mistari, na kila anayelipa malipo ya awali namuuliza, "Umetujulia wapi?" Naandika hapohapo mbele yake, kwa sababu nikingoja jioni nitaandika ninachotamani kiwe.

Miezi sita, wateja 38 waliolipa. Kumi na saba waliambiwa na mtu niliyewahi kumtengenezea. Tisa walitoka magrupu ya Facebook ya watu wa Morogoro. Sita Status. Wanne walipita barabarani wakaona kiti nje. Wawili Instagram. TikTok hakuna hata mmoja. Hiyo haina maana TikTok ni mbaya, huyo kijana wa Kariakoo inamlisha. Ina maana sofa yangu haipandi basi, na anayenunua sofa Moro ni mtu wa miaka arobaini na kuendelea aliye kwenye grupu la Facebook la mtaa wake.

Kwa hiyo kabla hujaamua chochote, nunua daftari. Mwezi mmoja. Usihesabu waliotazama, hesabu waliolipa.

Jambo la pili nataka nilikazie, kwa sababu naona wengi hawalijui. Status yako inaonwa na watu gani? WhatsApp haimwonyeshi mtu Status yako mpaka wewe uwe na namba yake na yeye awe ameihifadhi yako. Mteja anayekupigia kwa kutafuta namba kwenye meseji za zamani hajakuhifadhi. Unaweka picha kila siku, yeye hazimfikii, na wewe unadhani ameona hakutaka. Fungua Status yako ya jana uangalie wangapi wameona, halafu linganisha na wateja ulio nao. Ile orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi nayo ni hivyohivyo: inabeba watu 256, lakini asiyekuhifadhi haimfikii.

Dawa yake ni karatasi. Chapisha stika ndogo, jina na namba, bandika juu ya kila mfuniko, na bodaboda akifika aseme, "Mama anaomba umhifadhi, kila asubuhi anaweka kilichopo." Kama bado unatumia WhatsApp ya kawaida, hamia ile ya biashara, ni bure, ina katalogi ya kuweka picha na bei, na lebo za kutenganisha wa Ijumaa na wa shughuli. Namba inabaki ileile.

Pia jiweke kwenye ramani ya Google. Ni bure. Mgeni aliyeshukia hoteli Tanga akitafuta mkate wa kumimina, hatafuti TikTok, anatafuta kwenye ramani.

Na namba za wateja ziandike kwenye daftari la karatasi. Tarehe 4 Oktoba 2021, Jumatatu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa pamoja, kwetu ilikuwa kuanzia jioni mpaka usiku wa manane. Nilikuwa na mteja aliyekuwa anakuja kesho alfajiri na gari kutoka Ifakara, rangi ya kitambaa alikuwa anithibitishie usiku ule, na namba yake ilikuwa kwenye WhatsApp tu, sikuwa nimeihifadhi popote. Nilishona kwa kubahatisha. Nikabahatisha vibaya.

BintiKibokoni, Mombasa

Salaam aleikum dadangu. Mimi nauza mabuyu na achari, na nikikusoma naona unauliza swali moja juu ya bidhaa mbili tofauti.

Mkate wa kumimina una tui. Leo ni asali, kesho kutwa umeharibika. Huo ni wa jirani, na jirani mtafute kwa WhatsApp na kwa mdomo, alivyosema fundi. Lakini visheti je? Visheti vimekaangwa vikakauka shira, vinakaa wiki na zaidi kwenye kopo lililofungwa vizuri. Huyo wa Mwanza na wa Nairobi hawakukosea kukuuliza bei, ni wewe uliyewaonyesha kitu kisichosafiri.

Mimi hapa Mombasa mjini achari siuzi sana, kila nyumba inajua kutengeneza. Wateja wangu ni wa bara: Nairobi, Nakuru, Eldoret. Hao nimewapata TikTok na Instagram, analipa kwa till, yaani namba ya malipo ya biashara ya M-Pesa, jioni mzigo uko kwenye basi. Video zangu sipigi kila siku. Jumapili moja napiga saba, naweka moja moja wiki nzima. Simu ni ya zamani, naiegemeza kwenye pakiti ya sukari karibu na dirisha, mwanga wa saa mbili asubuhi unatosha kabisa.

Vileja usiwatumie. Nakuomba. Nilijaribu kutuma kopo kumi Nairobi, yakafika unga. Nililala naumia, si kwa hela tu, ni kwa vile mtu alikuwa amevingoja kwa ajili ya chai ya mamake. Nilirudisha hela zote.

Ukitaka kulipia tangazo siku moja, lipia Facebook na Instagram, kwa sababu pale unaweza kuchagua mji na kilomita za kuzunguka. Weka kidogo, siku tatu kabla ya Ijumaa, na uulize kila anayepiga ameona wapi.

MamaIliki, Tanga

Nimerudi. Wiki tano zimepita, nilitaka nije na daftari mkononi.

Fundi, Mungu akubariki. Nilifungua Status ya siku ile uliyoandika: walioona 58. Wateja wangu kwenye simu ni zaidi ya mia mbili. Nikampigia mama mmoja wa Makorora aliyepotea tangu Ramadhani, nikidhani nimemuudhi. Kumbe amebadilisha simu, namba yangu imekwenda na ile ya zamani, na yeye akadhani nimeacha kupika kwa sababu haoni picha. Miezi mitano anakula mkate wa watu wengine! Nilichapisha stika mia tatu, elfu ishirini. Juzi Status imeonwa na watu 131.

Tena nimehamisha saa. Nilikuwa naweka picha saa mbili usiku nikishamaliza kazi. Sasa naweka saa nne asubuhi, mkate wa kwanza ukitoka, nakata kipande kimoja mvuke uonekane, naandika mikate imebaki mingapi. Kabla ya adhuhuri yote imeagizwa.

Daftari linasema hivi, mikate tu. Wiki tano nimeuza 327. Wateja wapya, yaani nyumba ambazo sikuwahi kuzipelekea, ni 29. Kumi na wanne waliambiwa na mtu au walikula kwa mtu. Tisa Status, wengi wao mteja wangu aliirusha kwenye Status yake yeye, jambo ambalo sikuwa nalijua. Wawili ramani ya Google, mmoja ni dereva wa lori aliyelala Tanga. Instagram mmoja.

TikTok watatu, na hawa ndio walionifikirisha. Wote watatu waliniambia maneno yanayofanana: "Nimetumwa na ndugu yangu, yuko nje ameona video." Mmoja ni mdogo wake yule dada wa Muscat. Anakaa Chumbageni na mama yao. Dada mtu anatuma hela, mdogo anakuja kila Ijumaa baada ya swala kuchukua mkate wa mama. Ijumaa nne sasa hajakosa. Kwa hiyo mtu wa mbali hawezi kula mkate wangu, lakini ana mama Tanga. Sikuliona hilo siku ile nahesabu waliojitaja kuwa wa hapa.

Visheti nimejaribu, BintiKibokoni. Makopo 12 kwenda Dar, nayapeleka mwenyewe stendi ya Kange asubuhi, jioni mteja anachukua stendi ya Mbezi. Kumi yamefika salama. Mawili yalipotea kwenye basi moja na konda akasema hakupewa, basi nimelipa mie na sasa sitoi mzigo bila kuandikiwa risiti. Kwenye kopo elfu kumi, nikitoa nauli ya mzigo na kopo lenyewe, nabaki na kidogo kuliko nilivyofikiri. Nitaendelea mpaka mwezi uishe nione.

Simu na taa sikununua. Mtoto wa dada yangu tumeelewana: anakuja Jumapili asubuhi, anapiga video nne, visheti tatu na mkate mmoja, na chini ya ule wa mkate anaandika, "Una mama Tanga? Tutampelekea." Namlipa elfu kumi na kifungua kinywa. Jumatatu mpaka Jumamosi sishiki TikTok, nakaa na makaa yangu.

Jiko nimelipia nusu, linakuja wiki ijayo. Kabla halijafika naomba mwenye uzoefu aniambie: mkate wa kumimina kwenye oveni ya gesi, moto wa juu mnauwasha tangu mwanzo au rojo likishashika?