Kama tulinunuliwa kwa thamani, hiari yetu iko wapi? Naomba ushauri wa kufundisha

Mwanafunzi wa Neno
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nimepewa saa moja kufundisha 1 Wakorintho 6:19-20, kwamba sisi si mali yetu wenyewe. Kundi limegawanyika. Wengine wanasema aliyenunuliwa hana uamuzi, Mungu anaamua yote. Wengine wanajibu kwamba basi tukihukumiwa tunaonewa, na hapo Farao, ambaye Mungu aliufanya moyo wake kuwa mgumu, hakosi kutajwa. Nianzie wapi ili tusimalize saa nzima kwa ubishi?

Shemasi T
Amina. Farao asubiri kwanza. Rudi nyuma hadi mstari wa 12, maana Wakorintho walikuwa wanajitetea kwa uhuru: vitu vyote ni halali kwangu. Paulo anajibu kwamba hatatiwa chini ya uwezo wa kitu chochote. Kwa hiyo anajua uhuru unaweza kumpeleka mtu utumwani. Kisha mstari wa 18 anaamuru: ikimbieni zinaa. Mtu asiye na hiari haambiwi akimbie! Amri hiyo na kununuliwa vimepishana mistari miwili tu, na Paulo haoni mgongano wowote.

Halafu tenganisha maswali mawili, kwa sababu ubishi wenu unatokea hapo. Je, mtu anachagua kweli? Ndiyo, someni Kumbukumbu la Torati 30:19. Je, mwenye dhambi anaweza kumjia Kristo kwa nguvu zake, bila kuvutwa? Hapana, Yohana 6:44. Agostino, askofu wa kanisa la kale, alipopingana na Pelagio, aliyefundisha kwamba mtu anaweza kutii kwa hiari yake mwenyewe, hakukana hiari. Alikana kwamba inatosha bila neema. Mtaguso wa Orange, yaani mkutano wa maaskofu huko Ufaransa, mwaka 529 ukasema hata mwanzo wa imani ni kazi ya neema.

Binti Lidia
Nyongeza kuhusu Farao. Wape Kutoka 4 hadi 14, kila mmoja aandike ni nani anayeufanya moyo kuwa mgumu. Wataona 8:15 na 8:32 ni Farao mwenyewe, na katika mapigo yale Bwana anatajwa waziwazi kwamba ameufanya mgumu kwenye 9:12, pigo la majipu. Lakini tafadhali usiifiche 4:21 wala 7:3, ambapo Mungu alitangulia kusema atafanya hivyo. Ukiiruka, mtu ataisoma mbele ya wote na somo lote litatiliwa shaka. Mistari yote ibaki mezani.

Mwanafunzi wa Neno
Nimewaelewa. Na wakiuliza kila dhehebu linasemaje?

Mzee Beroya
Dakika tano zinatosha. Sinodi ya Dort, mkutano wa makanisa ya Kireformed (Wakalvini), 1618–1619, ilifundisha kwamba neema inamleta hakika yule aliyeteuliwa. Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki, kikao cha 6 mwaka 1547, ulisema hiari ikiguswa na Mungu hushirikiana naye, na inaweza pia kukataa. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alisisitiza neema inayomtangulia mtu na kumwezesha kuitikia. Wanatofautiana kama neema hiyo inaweza kukataliwa, na tofauti hiyo ni ya kweli, usiifunike. Ila wote wanasema Mungu ndiye anayeanza.

Muda uliobaki upeleke sura ya 7, maana hapo ndipo watu wanapoumizwa. Mstari wa 23 unarudia kwamba mlinunuliwa kwa thamani, kisha unaongeza: msiwe watumwa wa wanadamu. Anayemwambia binti "Mungu amenionyesha wewe ni mke wangu, ukikataa unampinga Mungu" anajitwalia mali isiyo yake. Mjane wa mstari wa 39 yuko huru kuolewa na amtakaye, katika Bwana tu. Mpaka umewekwa, na ndani yake uamuzi ni wa mjane mwenyewe.

Binti Lidia
Kweli kabisa, Mzee. Kosa la upande wa pili ni yule asiyeomba kazi wala kumsamehe ndugu yake, kila siku "namwachia Mungu". Huyo msomeeni Wafilipi 2:12-13 kwa pamoja. Utimizeni wokovu wenu, *kwa maana* Mungu ndiye atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu. Wanaoishia mstari wa 12 huchoka wakijitegemea. Wanaoanzia wa 13 hukaa tu. Mwambie achague jambo moja analolijua tayari kuwa ni agizo, kama huo msamaha, aombe nguvu, kisha ampigie ndugu yake simu siku hiyohiyo.