Mafuriko Dodoma: tuanze kuvunja nyumba au kuchimba mitaro?

Wakuu, kuna hoja naisikia kila kijiwe sa hivi, eti mvua zinakaribia kwa hiyo jiji lilete katapila, nyumba zote za makorongoni zivunjwe, yaishe. Mimi nakataa, na sikai korongoni.

Hivi tumesahau mvua zetu zilivyo? Dar wana vuli na masika, hawajakauka vizuri wanaloa tena. Sisi huku msimu ni mmoja tu, mwisho wa Novemba au Desemba unaanza, Aprili umeisha, kuanzia hapo ni jua na vumbi. Miezi saba mikavu! Sasa greda mnaliona mtaani lini? Januari, maji yashaingia ndani, nalo linanasa kwenye tope. Mtaro unachimbwa Julai jamani.

Mtaani kwetu kuna kalavati, Oktoba iliyopita niliinama nikachungulia, sikuona mwanga upande wa pili, mchanga umejaa karibu ifike juu, na viroba, na tairi la pikipiki. Tukaenda ofisi inayohusika, wakatuandika kwenye daftari. Februari, saa tisa usiku, jirani yangu mmoja mama wa watu tukamkuta kasimama juu ya kitanda, mtoto mgongoni, ndoo ya unga kaikumbatia, maji yenye rangi ya chai ya maziwa yanaingilia mlango wa jikoni. Kiwanja chake kimepimwa, hati anayo. Huyo naye tumvunjie?

Na maji yenyewe yameongezeka kwa sababu mji umefumuka. Sensa ya 2012 tulikuwa watu 410,956, ya 2022 tukawa 765,179, kila mtu kaweka bati, kila uwanja umepigwa pevingi, vilimani miti imeisha, ndo maana pamoja na kwamba mvua yetu kwa mwaka mzima ni kama milimita 600 tu, ikishuka kwa nguvu siku moja ardhi haiinywi, yote inakimbilia korongoni na ndani ya muda mfupi korongo kavu limekuwa mto. Halafu malori yanachota mchanga humo humo, kingo zinamomonyoka kuelekea kwenye nyumba, na hao hamuwasemi.

Najua mtanitajia Sheria ya Mazingira ya 2004, inayokataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sawa, aliyejenga kwenye mkondo wenyewe ahame, hapo sibishi kabisa. Desemba 2023 tope la Mlima Hanang' lilishuka Katesh likaua watu zaidi ya 80, na Katesh iko Manyara, siyo pwani, kwa hiyo hata huku bara hatari ipo. Ila ahame Juni, tena keshaonyeshwa pa kwenda, pawe karibu na riziki yake. Dar baada ya mafuriko ya 2011 watu walipelekwa Mabwepande, na wengine wakarudi mabondeni kule kule, maana mtu anayeuza mboga Kariakoo ukimpeleka mbali hivyo anakula nini?

Kwa hiyo msimamo wangu ni mitaro na makalavati kwanza, sasa hivi ardhi ikiwa kavu, malori ya mchanga yatolewe korongoni, ndo tuongee na wa kwenye mkondo mmoja mmoja. Wewe unayesema zivunjwe, hebu niambie, mtaro unaopita mbele ya kwako umezibuliwa lini mara ya mwisho?